Jicho la Pili la Daruma Wetu

Nyumba Na. 14,
Mtaa wa Bandari Ndogo,
Awasaki, Mkoa wa Akita,
Japani.

14 Desemba 2023

Mpendwa Babu Mdogo Iwao,

Shikamoo. Kabla hujauliza ni nani anakuandikia kwa mwandiko huu wa kuku aliyekanyaga wino, nijitambulishe. Ni Kanta, mjukuu wa marehemu kaka yako, mwenye mkono wenye nguvu kuliko mikono yote ya pwani hii ya magharibi. Sitii chumvi. Mwaka huu nimepiga goma la mashabiki mechi zote thelathini na nane bila kupokezana na mtu, nimepasua ngozi mbili, na mwezi wa tisa walikuja watu wa idara ya matetemeko na vyombo vyao, wakapima wee, mwisho wakagundua kwamba ni mimi. Bibi Tome anasema wale walikuwa mafundi wa bomba la maji. Bibi hajui mambo ya matetemeko.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Bibi Marisol pamoja na hao baba zangu wadogo na shangazi ambao majina yao siwezi kuyataja bila kujing'ata ulimi. Goti lako je? Bibi Tome anasema lilikuwa bovu hata ulipokuwa na miaka ishirini, na ndiyo maana mawinga wote wa mkoa walipenda kupita upande wako. Ameniambia niandike hivyohivyo, nami ni mtoto mtiifu.

Sisi huku hatujambo, kwa kadiri ya majira. Mama anakohoa kidogo. Dada yangu Chinami amefaulu mtihani wa uuguzi, na sasa hatuli kabla hajatupima presha. Theluji imefika magotini. Ninyi huko Chile ni kiangazi, sivyo? Kwa heshima zote, Babu, nakuonea kijicho.

Sasa nieleze kilichonishikisha kalamu, maana mimi na kalamu tuliachana siku ile shule iliponichoka, mwaka wa pili wa sekondari. Ni Mzee Kamata. Unamjua kuliko mimi: yeye beki wa kati, wewe beki wa kushoto, halafu magoti yake yalipokufa akawa mtunza vifaa, na jezi za timu amezifua yeye tangu Mama yuko shule ya msingi. Alikuja hapa Jumatatu, akaketi kwenye kizingiti cha mlango na viatu vyake miguuni, akakataa chai.

"Kanta," akasema, "umeshamwandikia babu yako?"

"Bado, Mzee. Natafuta karatasi."

"Karatasi." Akanitazama kama anavyotazama soksi yenye tundu. "Mwandikie wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Na usizunguke."

Basi sizunguki. Lakini mtu hapelekwi mwisho wa njia bila kupitishwa mwanzo wake, na wewe uliondoka hapa zamani, kwa hiyo historia ya klabu unayoijua ni ya kizee na imejaa chumvi yako mwenyewe. Ngoja nikunyooshee.

Mwaka 1971 hiyo haikuwa klabu, ilikuwa Timu ya Kiwanda cha Nyavu cha Ebina. Wachezaji kumi na mmoja, na wa akiba mmoja ambaye alikuwa mpishi wa kantini. Asubuhi mnasuka, jioni mnacheza kwenye kiwanja cha kuanikia nyavu. Nyavu za magoli mlizifunga fundo kwa fundo ninyi wenyewe, na hadi leo hakuna ligi nchini yenye nyavu nzuri kama zetu. Wageni wote huzisifia. Wamezichunguza kwa karibu sana, maana kwa miaka hamsini na miwili wao ndio waliozitikisa zaidi.

Goli la kwanza la timu ulifunga wewe, dhidi ya watu wa zimamoto. Wewe unasema kwa kichwa. Mzee Kamata anasema kwa bega. Bibi Tome, ambaye siku hiyo alikuwa amesimama nyuma ya goli na kaka yako, anasema mpira ulikugonga mgongoni umeinama unafunga kamba ya kiatu. Vyovyote iwavyo, goli ni goli, na ndilo lililokupa heshima ya daruma.

Yule daruma, mwanasesere wetu wa kuwekea nia, alinunuliwa na Bwana Ebina wa kwanza: mkubwa kama pipa la mchele, mwekundu, hana mikono wala miguu, yaani safu yetu ya ulinzi kwa miaka mingi. Macho yake mawili yalikuwa meupe matupu. Ukapewa brashi, ukampaka jicho la kushoto, mkaweka nia mbele ya watu wote: daraja la pili. Siku timu itakapopanda daraja la pili, jicho la kulia litapakwa, na wa kulipaka ni yuleyule aliyepaka la kwanza. Jambo hilo halikuandikwa popote, lakini hapa mjini hata mtoto wa chekechea analijua. Jicho la kulia la daruma ni la Iwao Orikasa.

Watu wengine daruma wao wanamrudisha hekaluni mwaka unapogeuka, anachomwa, wananunua mwingine. Wetu hakurudishwa. Kila Desemba mtawa wa hekalu alimkumbusha Mzee Kamata kwamba daruma aliyezeeka ni nuksi, na kila Desemba Mzee alimjibu kwamba huyu hajamaliza kazi yake. Panya walimla mgongo, Mzee akamshona kwa uzi wa jarife. Wekundu ulififia mpaka akabaki na rangi ya ufizi.

Halafu mwaka 1978. Hapa wewe huwa unaruka, Babu, kadi zako zote hazigusi mwaka huo, lakini mimi nimehadithiwa. Mechi ya mwisho ya mchujo, mwanzoni mwa Desemba, hapa nyumbani. Mkishinda mnapanda. Mapumziko mnaongoza mbili bila. Mara radi ikapiga baharini, na radi ya Desemba kwetu ina maana moja tu, kwamba samaki hatahata wamekuja ufukweni kutaga. Kipindi cha pili mlirudi uwanjani watu saba.

Refa alikuwa mtu wa Tokyo, hajui kitu. "Wengine wako wapi?" akauliza.

"Wameumia," kapteni akamwambia.

"Wanne? Kwa pamoja?"

"Sisi ni timu moja, Bwana Refa. Akiumia mmoja tunaumia wengi."

Mkafungwa tano. Bibi Tome anasema jioni ile kila nyumba ilikuwa na ndoo za samaki, mchuzi unatokota mtaa mzima, na hakuna aliyehuzunika kwa dhati. Mzee Kamata naye anasema kati ya wale wanne waliokimbilia ufukweni na viatu vya mpira miguuni, mmoja alikuwa beki wa kushoto. Sitaji majina. Mimi si mchongezi.

Bibi amepita nyuma yangu sasa hivi na kikapu cha figili za kukausha kwa moshi.

"Umefika wapi?"

"Elfu moja mia tisa sabini na nane."

"Kha. Na mimi nina miaka themanini na moja. Kaza mwendo, mwanangu, nisije nikafa kabla hujafika kwenye jambo."

Haya, nakaza. Mwaka 1984 kiwanda kikakutuma Chile ukawafundishe watu kusuka nyavu za kufugia samaki. Miaka miwili tu, ndivyo ulivyosema. Kituoni ulimshika Mzee Kamata kola ukamwambia: "Jicho lile asiliguse mtu. Nitarudi kulipaka mwenyewe." Miaka miwili imezaa thelathini na tisa. Sikulaumu, ningepata mwanamke kama Bibi Marisol na kiangazi cha Desemba, nami nisingerudi kuparura theluji. Lakini kila Mwaka Mpya inafika kadi yako, na chini ya salamu pana swali lilelile: "Jicho vipi?" Na Mzee Kamata anakujibu kwa neno moja: "Bado." Kadi zako zote thelathini na tisa ziko ghala la vifaa, kwenye boksi la sabuni, zimepangwa kwa mwaka. Nimeziona.

Mwaka 1999 Bwana Ebina wa pili alisikia kwamba klabu za kisasa sharti ziwe na majina yasiyoeleweka na mtu. Wakachukua wavu kwa lugha yetu, ami, wakaushonea nyota ya Kitaliano, ikatoka Amistela Awasaki. Nusu wavu, nusu nyota, haivui samaki wala haiangazi. Wakatengeneza na mwanasesere wa timu, samaki mkubwa mwenye taji, ambaye watoto wakimwona wanalia mpaka leo. Tukaitwa wa kulipwa, ingawa mshambuliaji wetu wa kati asubuhi alikuwa anapanga vitunguu sokoni, na mashabiki wa wageni wakijua hilo walikuwa wanampigia kelele za bei.

Tangu tuingie daraja la tatu tumemaliza wa kumi na mbili, wa kumi na nne, wa kumi na nne tena, na mwaka mmoja wa mwisho kabisa. Mwaka ule hatukushuka kwa sababu chini yetu hapakuwa bado na pa kushukia. Siku za mvua jukwaa letu lilikuwa na watu mia tatu, ukihesabu na muuza pweza. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza goma. Nakwambia, Babu, hakuna kitu kigumu duniani kama kupiga goma la furaha mnafungwa nne bila, mvua inaingia kwenye shingo, na walioko mbele yako ni wazee sita na mbwa. Nilipiga. Hilo naomba unikubalie, hata ukinikatalia mengine.

Sasa mwaka huu. Machi, Bwana Ebina wa tatu aliita wafanyakazi wote wa kiwanda, nami nikiwamo, maana ninafanya kazi chumba cha kutia rangi, mikono yangu ni ya buluu hadi kiwikoni. Akainama mbele yetu muda mrefu, halafu akasema kiwanda kitafungwa mwakani. Nyavu za kutoka nje ni za bei rahisi mno, hatuziwezi. Kuhusu klabu, kampuni moja ya majokofu ya mji wa Sendai ilikuwa tayari kuichukua, ila kwa sharti moja: iwe daraja la pili. Tukipanda klabu inaishi, tusipopanda inazikwa. Hakuna la katikati.

Na hapo ndipo timu ilipoanza kushinda. Hakuna anayejua kwa nini. Wazee wetu na vijana wa kuazima, waliokuwa hawajawahi kushinda mechi tatu mfululizo, wakashinda saba. Na hasa Nagumo. Hujamjua Nagumo, lakini mama yake unamjua, yule wa duka la tofu ya maharage kwenye kona, Bibi anasema uliwahi kumpelekea barua ya mapenzi akaifungia tofu. Mwanawe huyo, Nagumo Tadaoki, ndiye golikipa wetu. Ana miaka thelathini na minne, hajawahi kuchezea timu nyingine. Klabu za mjini zilimwita mara mbili, akakataa. Mwaka huu mechi kumi na tisa hakuruhusu goli hata moja.

Mwezi Oktoba watu wakaanza kusalimiana tofauti. Badala ya "baridi leo" wanasema "bado pointi tisa." Mzee Kamata akanunua wino mpya. Hakumwambia mtu, lakini Chinami alimwona dukani. Bibi Tome akatoa magodoro ya wageni akayaanika, na tulipomuuliza ni ya nani akasema ya Iwao, mtu mwenye goti bovu halali sakafuni bila godoro nene.

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumamosi, tarehe 2, hapa nyumbani, dhidi ya Hinokawa, ambao walikuwa wa kumi na moja na hawakuwa na haja na chochote. Tukishinda tunamaliza wa pili, tumepanda. Sare haitoshi. Sisi wa jukwaa tulikuwa tumemwomba Mzee Kamata wiki nzima amtoe daruma ghalani, akae nasi nyuma ya goli siku hiyo moja tu. Akakataa, akakataa, siku ya mechi asubuhi akaja naye mwenyewe amembeba kwenye kitambaa kama mtoto. Akamweka kando ya goma langu.

"Mimi nitakuwa benchi na jezi," akasema. "Huyu ni wako mpaka kipenga. Asimguse mtu."

"Nitamlinda kama mboni ya jicho langu, Mzee."

"Punguza maneno. Mlinde tu."

Watu elfu nne, Babu. Sijawahi kuona. Theluji ya majimaji ilikuwa inashuka na hakuna aliyefungua mwavuli. Dakika ya thelathini na moja tukapata kona, mpira ukamgonga beki wetu wa kushoto, ukaingia. Umemgonga begani. Naapa kwa kaburi la kaka yako. Nilimwona Mzee Kamata kule benchi ameketi chini, amejifunika uso kwa taulo.

Kipindi cha pili Nagumo akaja upande wetu, mgongo wake uko hatua kumi kutoka kwenye goma. Aliokoa mipira ambayo mimi nilikuwa nimeshafumba macho. Dakika ya tisini ikapita. Refa akaongeza tano.

Halafu Hinokawa wakapata mpira wa adhabu kwenye nusu yao wenyewe. Wakaupiga haraka, mrefu. Nagumo alikuwa amegeukia jukwaa. Mpira ukadunda mara moja kwenye boksi, ukaingia kwenye wavu wetu mzuri. Sare ya moja kwa moja. Aliyefunga ni kijana mdogo hivi. Hata hakushangilia, alituinamia kichwa kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake kwenye treni. Sekunde chache baadaye kipenga kikalia.

Lawama zipo za kila aina. Refa aliongeza tano badala ya nne. Kocha alimtoa mshambuliaji akaingiza beki. Upepo ulikuwa wa kutoka milimani. Yote hayo nimeyasema kwa sauti, kwa siku nyingi, kwa kila aliyesimama karibu nami. Gazeti la mkoa lilimuuliza Nagumo ilikuwaje, naye akajibu maneno mawili matatu: "Nilipoteza umakini. Kosa ni langu peke yangu." Siku ileile baada ya mechi alikuja mbele ya jukwaa letu akapiga magoti, paji la uso kwenye nyasi zenye maji, hakuinuka mpaka Mzee Kamata alipoenda kumnyanyua kwa kwapa.

Tarehe 5 watu wa Sendai walipiga simu kwamba wamejitoa. Siku hiyohiyo Bwana Ebina akatangaza kwamba klabu itavunjwa mwisho wa Januari. Mzee Kamata alifua jezi zote mara ya mwisho, za nyumbani na za ugenini, akazianika nje kama kawaida yake. Asubuhi zilikuwa zimeganda kama mbao. Hakuziondoa. Bado ziko pale, zinagongana upepo ukivuma.

Mshambuliaji amerudi kwao. Kocha hajulikani aliko. Nagumo hakuna klabu iliyompigia, umri ule na goli lile. Anaamka na mama yake kusaga maharage. Kiwanda kinafunga Machi, nami huenda nikaenda Nagoya kwenye vipuri vya magari, nikipokelewa na mikono hii ya buluu. Na hatahata, kama unataka kujua, hawajaja. Radi imepiga mara tatu mwezi huu, wazee wakatoka na ndoo, wakarudi na ndoo.

Nisalimie Bibi Marisol, mwambie zile picha za maua Bibi Tome amezibandika kwenye mlango wa choo, mahali pa heshima, kila mtu anaziona. Wasalimie wanao wote kwa majina yao, wewe unayeweza. Bibi Tome anakusalimu, anasema godoro bado limeanikwa. Mama anakusalimu, Chinami anakusalimu na anauliza presha yako ni ngapi. Mwenyezi akutunze, akuepushe na utelezi, akupe usingizi mzuri na goti lisilokuamsha.

Nilikuwa nimekunja karatasi, Babu. Nimeshalamba bahasha. Bibi akaja akasimama mlangoni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia timu imevunjwa."

"Hilo atalisoma hata kwenye gazeti," akasema. "Fungua bahasha."

Basi.

Nilikuwa na kalamu mfukoni, ile nene ya kuandikia mabango. Ilikuwa dakika ya mwisho kati ya zile tano. Nilimwona mpiga picha wa televisheni amepiga goti pembeni ya goli, anajiandaa kutugeuzia kamera. Wiki nzima nilikuwa nimewatangazia watu chumba cha rangi kwamba nitaonekana nchi nzima nimemwinua daruma mwenye macho mawili. Hakuna aliyenituma wala aliyenichokoza. Nilijiambia Babu ni mzee, Chile ni mbali, safari ya siku mbili na goti lile, hatakuja. Kwa hiyo ninamsaidia tu. Nilijiambia hivyo kwa muda wa kufungua kifuniko cha kalamu. Nikapaka. Nikamwinua juu ya kichwa kwa mikono yangu hii miwili.

Walio nyuma yangu wakaona macho mawili, wakanguruma, nao wa nyuma yao wakanguruma. Kelele ile, kipenga usingekisikia hata kingepulizwa sikioni mwako. Nagumo akageuka. Yeye ni mtoto wa hapa, amezaliwa mtaa huu. Daruma mwenye macho mawili kwake ana maana moja tu. Akadhani mpira umekwisha. Akanitazama mimi, Babu, akatabasamu, akanyanyua mikono yote miwili. Alikuwa bado ameinyanyua mpira ulipompita.

Watu zaidi ya mia mbili waliona, na hakuna hata mmoja aliyenisema. Hawakunisema siku ile, wala kiwandani, wala dukani. Unawajua watu wetu. Nagumo ameulizwa mara kumi alikuwa anatazama nini, na mara kumi amejibu kwamba hakumbuki. Mama yake kila asubuhi ananiongezea kipande cha tofu na kuniambia nijifunike kifua, baridi. Laiti angenimwagia ndoo. Mzee Kamata ndiye pekee aliyenena, naye alisema tu, wakati anamfunga daruma kwenye kitambaa: "Mpeleke kwenu. Ghalani hawezi kurudi na macho mawili."

Yuko hapa kando yangu ninapoandika. Jicho lako la kushoto ni la brashi, limetulia. La kulia ni kubwa kupita kiasi, limekwenda upande, na ule wino wa kalamu unang'aa. Tarehe 15 Januari mtawa atamchoma pamoja na wengine, maana mwenye macho mawili amemaliza, awe amemaliza kweli au la.

Najua kadi yako ya Mwaka Mpya umeshaiandika, pengine iko njiani. Safari hii Mzee Kamata amekataa kuijibu. Ninaijibu mimi: limepakwa. Nililipaka mimi, kabla ya wakati wake, na halikuwa langu.

Ni mimi mjukuu wako, nikupendaye, kwa mkono uleule,

Kanta Orikasa